Vijana wa mpakani na elimu ya miamba

El Paso, katika jimbo la Texas, Marekani, ni mji wa mpakani kama Goma: ng'ambo ya mto Rio Grande kuna Ciudad Juárez, Mexico. Chuo kikuu chake kilianza mwaka 1914 kama shule ya madini, na leo wanafunzi wake wengi ni wa asili ya Mexico. Hata hivyo, watu wa asili hiyo ni wachache kati ya wanajiolojia wa Marekani. Kijana hachagui kazi asiyoijua.

Ndiyo maana katika miaka ya 2000 chuo hicho kilianza kuwaita wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo. Walitoka darasani, wakachunguza mawe wenyewe, wakapima na kuandika walichokiona. Anayetafuta jibu kwa mikono yake huanza kujiona mtaalamu.

Nasi tunao mlima Nyiragongo, uliolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Wakati wa hatari, uvumi hukimbiza watu na kugombanisha majirani. Onyo huaminika zaidi likitolewa na mtoto wa nyumbani aliyesoma. Walimu na wazazi, pale usalama unaporuhusu, tuwapeleke vijana wetu, wasichana kwa wavulana, wakaisome ardhi yao. Huko nako ni kujenga amani.