Siri ya Mita ya LUKU Ilindwe Chipu Ikiwa Bado Mchoro

Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982 pale Msimbati, na ndiyo inayoendesha mitambo ya umeme ya Mtwara. Hata hivyo, mkazi wa Shangani au Chuno mjini Mtwara hawashi taa mpaka aingize namba 20 za tokeni kwenye mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla. Ndani ya mita kuna chipu yenye ufunguo wa siri, na chipu hiyo ndiyo inayoamua kama namba zilizobonyezwa ni halali au za kughushi. Ninachodai ni kwamba chipu ya aina hii ipimwe uvujaji wa siri ikiwa bado mchoro kwenye kompyuta. Ikishafungwa ukutani kwa mteja, tumechelewa.

Uvujaji wenyewe hauonekani kwa macho. Saketi inapogeuza biti kutoka sifuri kwenda moja hula umeme kidogo, na kiasi hicho hutegemea data inayochakatwa. Mwaka 1999 Paul Kocher, Joshua Jaffe na Benjamin Jun walichapisha njia ya kuzitumia tofauti hizo: unapima mara nyingi umeme unaoliwa na chipu, unakisia kipande kidogo cha ufunguo, kisha unaangalia kisio gani kinaendana na vipimo. Kipande kwa kipande ufunguo mzima unapatikana, hata kama hesabu zinazoulinda hazina kasoro. Kadi ya benki hukaa kwa mwenye fedha, anayetaka siri yake ilindwe. Mita hukaa nyumbani kwa mtu ambaye huenda ndiye anayetaka kuidanganya, na ana usiku kucha wa kuipima.

Wapo watakaosema mwizi wa umeme hana haja ya vifaa vya maabara wakati kipande cha waya kinatosha kuruka mita. Ni kweli, na wizi huo utabaki kuwa mwingi zaidi. Ila waya fundi wa ukaguzi huuona. Tokeni ya kughushi huiacha lakiri nzima na mita ikihesabu sawasawa. Wengine watasema kila mita ina ufunguo wake, kwa hiyo aliyevunja moja amepata moja. Hapa ndipo pa kutulia. Katika STS, mfumo wa tokeni za umeme uliozaliwa Afrika Kusini na unaotumiwa na LUKU, ufunguo wa mita huzalishwa kutokana na ufunguo mkuu wa muuzaji na namba ya mita. Njia ya zamani ya kuuzalisha ilitegemea DES, usimbaji wa zamani wenye ufunguo wa biti 56 tu, na mwaka 1998 mashine ya shirika la EFF la Marekani iliivunja DES kwa saa 56. Pale njia hiyo ilipotumika, aliyechomoa ufunguo wa mita moja angeweza kurudi nyuma hadi ufunguo mkuu, akatengeneza tokeni za mita zote zilizo chini yake. Njia mpya, yenye ufunguo mkuu wa biti 160, imeufunga mlango huo, lakini ufunguo wa mita bado umo ndani ya chipu.

Gharama ya kuchelewa tumeiona. Tokeni za STS zilibeba muda wake kama dakika zilizohesabiwa tangu 1993 kwenye nafasi ya biti 24, nayo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ili mita zisikatae tokeni mpya, kabla ya siku hiyo wateja walitakiwa kuingiza makundi matatu ya namba 20, kuanzia mjini hadi vijiji vya karibu na mdomo wa Ruvuma. Na ile ilikuwa kasoro nyepesi, ya kurekebishwa kwa namba zinazoibadilishia mita ufunguo. Saketi inayovujisha ufunguo wa zamani itauvujisha na mpya. Hapo hakuna njia ila bisibisi, mita nyingine na fundi nyumba kwa nyumba.

Kwenye mchoro kazi ni nyingine. Mhandisi huiendesha saketi ndani ya programu, huhesabu biti zinazogeuka kwa data ileile na kwa data ya kubahatisha, kisha hulinganisha makundi hayo mawili kitakwimu. Programu humwonyesha hata rejista inayovuja, naye hubadilisha mistari michache. Wapinzani wana hoja: mwaka 2005 Stefan Mangard na wenzake walionyesha kuwa hata saketi inayoficha data kwa namba za kubahatisha huvuja kupitia mageuko ya kitambo kidogo sana, ambayo mchoro wa awali hauyaonyeshi. Ndiyo maana upimaji urudiwe kila hatua, hadi chipu ya kwanza ifike maabara.

Tanzania hununua mita, haichori chipu. Lakini mnunuzi ndiye anayeandika masharti ya zabuni, na kifungu kimoja kinachomdai mtengenezaji matokeo ya vipimo vya hatua zote, huku mita chache zikipimwa upya na maabara huru, kinatosha kwa kuanzia.