Mwarabu Unguja, Mzanzibari Muscat

WAHENGA walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Lakini je, mtu aliyelelewa na mila mbili aache ipi?

Swali hili wanalijua vyema Waomani waliotoka Zanzibar. Babu zao walivuka bahari kwa majahazi, hasa baada ya Seyyid Said kuifanya Unguja makao yake katika karne ya 19. Walioa huko, wakalima karafuu na kuzaa watoto ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Hata hivyo, majirani waliwaita Wamanga, nao wenyewe wakajihesabu Waarabu.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliwaua wengi na kuwatawanya waliosalia. Baadhi walikimbilia Mombasa, wengine Cairo, Dubai na Uingereza. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka Julai 1970, aliwaita Waomani walioko ng'ambo warudi kuijenga nchi iliyokuwa na shule tatu tu.

Walirudi wakidhani wamefika kwao. Kumbe! Wengi, hasa vijana, hawakujua Kiarabu vizuri. Kisomo chao kiliwapa kazi wizarani, hospitalini na katika kampuni ya mafuta, na wanawake wao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuajiriwa maofisini. Lakini wenyeji waliwaita "Wazanzibari", na wengine wakatilia shaka Uarabu wao. Jina la ukoo, kama vile Al-Harthy au Al-Barwani, ndilo lililobaki kuwatolea ushahidi.

Ajabu ni kuwa mambo ambayo Unguja hayakumshangaza mtu, kama kanga, maandazi na mchuzi wa nazi, huko Muscat yaligeuka kitambulisho. Ugenini ndiko walikotambua jinsi walivyokuwa Waswahili.

Sasa kuna nyumba ambamo nyanya husema kwa Kiswahili na mjukuu hujibu kwa Kiarabu. Kizazi kimoja zaidi, na huenda wasielewane kabisa.

Hapa kuna funzo kwa mzazi Mkenya mwenye wajukuu London au Minneapolis. Tangu Katiba ya 2010, Mkenya wa kuzaliwa anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili. Lakini pasipoti haimfundishi mtoto kumwamkia nyanya yake. Mpigie simu kila wiki, zungumza naye kwa lugha yenu, na umwambie babake asikae kando akitafsiri.