Kipi Kibaki? Vigezo vya Kupunguza Mkusanyo wa Mimea Hai: Mfano wa Bustani ya Mimea ya Amani, Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuamua mimea ipi ibaki na ipi iondolewe pale bustani ya mimea inapolazimika kupunguza mkusanyo wake. Kwa kurejelea Bustani ya Mimea ya Amani, yanadai kwamba ustawi wa mmea, ambao ni kigezo kinachomjia mtunzaji kwanza, hupotosha pande mbili: huhifadhi mimea yenye madhara na huondoa ile isiyo na mbadala. Badala yake yanapendekezwa maswali manne yanayohusu asili ya mmea, nakala zake, uwezekano wa kuurudisha na hatari ya kuenea kwake.

1.0 Utangulizi

Kitabu kilichowekwa rafuni hakikui, wala hakikifuniki kitabu cha jirani. Mti hukua, hutanda, huzaa na huzeeka. Kwa sababu hiyo, bustani isiyoondoa kitu hupoteza mimea vilevile, kwa kuwa kivuli, ushindani wa mizizi na uzee hufanya uteuzi pasipo kuzingatia thamani ya kilichomo. Suala la msingi, basi, ni vigezo vya kupunguza. Vigezo hivyo vina uzito kwa sababu baadhi ya makosa hayasahihishiki: mti uliokatwa haurudi, na spishi iliyokwisha kuingia msituni ni vigumu mno kuitoa.

2.0 Usuli wa Mkusanyo wa Amani

Amani iko katika Milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha hapo taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo. Mimea ya kiuchumi ililetwa kutoka mabara mbalimbali ili kujaribiwa: miti ya mpira, ya mbao, ya viungo na ya dawa. Mmojawapo ni msinkona, ambao gome lake hutoa kwinini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Amani ilitengeneza kwinini kwa ajili ya majeshi ya Wajerumani. Chini ya utawala wa Waingereza utafiti wa kilimo uliendelea hapo hadi ulipohamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940. Malengo yaliyoileta mimea hiyo yaliondoka, lakini miti ilibaki. Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ambayo bustani hiyo ni sehemu yake. Hivyo, mkusanyo ulioanzishwa kwa lengo la kueneza mimea migeni sasa umo ndani ya eneo linalolindwa kwa ajili ya mimea ya asili.

3.0 Upungufu wa Ustawi kama Kigezo

Mhesi (Maesopsis eminii) unadhihirisha tatizo hili. Mti huu hukua upesi, hunyooka na hutoa mbao. Ulipandwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye ulitumika kufunika maeneo ya Usambara yaliyokatwa magogo. Ndege aina ya hondohondo hula matunda yake na kuzisambaza mbegu mbali na mti mama. Matokeo yake, mhesi umeenea katika mapengo ya msitu wa asili na kuwa miongoni mwa spishi vamizi zinazojulikana sana katika milima hiyo. Kwa kigezo cha ustawi, mhesi ungekuwa wa kwanza kubakizwa.

Mhesi pia unaonesha kwamba mpaka wa nchi si kipimo cha ugeni. Spishi hiyo ni ya asili katika eneo la Bukoba, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ni mti wa nyumbani huko, na ni mgeni Usambara. Kwa kuwa bado upo katika makazi yake ya asili, kuuondoa bustanini Amani hakuitii spishi hiyo hatarini.

4.0 Maswali Manne ya Uamuzi

Swali la kwanza ni kama asili ya mmea inajulikana. Mmea wenye rekodi ya mahali ulipochumwa, tarehe na mchumaji unaweza kutumika katika utafiti na katika urejeshaji wa spishi porini. Usio na rekodi unabaki na thamani ya mandhari, ya kufundishia au ya kihistoria, lakini hauwezi kuwakilisha jamii yoyote ya porini kwa uhakika. Hata hivyo, kibao kilichopotea si ushahidi kwamba rekodi haipo. Daftari za upandaji na ramani za vitalu hupaswa kukaguliwa kwanza.

Swali la pili ni kama mmea una nakala. Hapa idadi ya mashina inaweza kudanganya. Mwaka 1895 John Medley Wood alikuta katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, mmea mmoja wa kiume wenye mashina kadhaa ambao baadaye uliitwa Encephalartos woodii. Mmea wa kike haujapatikana, na yote iliyopo katika bustani za dunia imetokana na machipukizi ya huo mmoja. Kijenetiki, mimea hiyo yote ni mmoja. Kwa mantiki hiyo, miti kumi iliyooteshwa kwa vipandikizi vya mti mmoja inaweza kupunguzwa hadi miwili au mitatu, ilhali miti mitano iliyotokana na mbegu za miti mama tofauti haipaswi kuhesabiwa kuwa nakala.

Swali la tatu ni kama mmea unaweza kurudishwa. Mbegu za spishi nyingi hukaushwa na kuhifadhiwa kwenye baridi kwa miaka mingi. Mbegu za miti mingi ya misitu yenye unyevu hufa zinapokaushwa. Kwa miti hiyo benki ya mbegu ya kawaida haisaidii, na mti ulio hai ndio hifadhi yenyewe.

Swali la nne ni kama mmea unaenea. Miche inayoota yenyewe nje ya kitalu, hasa ile ya spishi zenye matunda yanayoliwa na ndege, ni dalili inayotosha kuanzisha uchunguzi.

Mfano wa kudhaniwa unaonesha jinsi maswali haya yanavyofanya kazi pamoja. Ichukuliwe kwamba kitalu kimoja kina miti miwili. Wa kwanza ni mkubwa, hauna rekodi, unapatikana katika bustani nyingine na miche yake imejaa kando ya njia. Wa pili umedumaa chini ya kivuli cha wa kwanza, lakini rekodi yake inaonesha kwamba umetokana na msitu ambao sasa umelimwa, na mbegu zake hazikaushiki. Kwa macho, wa pili ndio wa kuondolewa. Kwa maswali manne, wa kwanza ndio unaopaswa kukatwa ili wa pili upate mwanga.

Maswali hayo huweza pia kupingana. Mmea adimu wenye rekodi kamili unaweza kuwa unaenea. Katika hali hiyo hatari ya kuenea haifutwi na uadimu, bali hubadilisha njia ya kuhifadhi: maua hukatwa kabla ya kuzaa, au vipandikizi huhamishiwa mahali ambapo mmea hauwezi kujiotea, na ndipo mti mama huondolewa.

5.0 Kumbukumbu Kabla ya Kukata

Mwaka 1984 Otto Frankel alipendekeza dhana ya mkusanyo kiini katika hifadhi za mazao: sehemu ndogo inayowakilisha kwa kadiri kubwa utofauti wa kijenetiki wa mkusanyo mzima. Dhana hiyo haikuruhusu kutupa kilichosalia, bali ilipanga kipi kishughulikiwe kwanza. Tahadhari hiyo inahusu bustani pia. Kabla ya mti kukatwa, inafaa zichukuliwe sampuli za kukaushwa kwa ajili ya hebaria, picha, vipimo vya shina na mahali ulipo, na sababu ya kuuondoa iandikwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa msinkona wa Amani, kwa mfano, miti michache iliyotunzwa pamoja na rekodi zake huweza kubeba historia ya kwinini kuliko shamba zima lisilo na maelezo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uamuzi wa kupunguza mkusanyo wa mimea hai haupaswi kuongozwa na ustawi wa mmea, bali na kile kitakachopotea endapo utaondolewa na kile kitakachoharibika endapo utabaki. Katika bustani zilizo ndani au kando ya misitu ya asili, kama Amani, mizani hiyo ni muhimu zaidi, kwa kuwa makosa ya bustanini huingia msituni.