Rwanda 1994: Onyo lilitolewa miezi mitatu mbele

Tarehe 11 Januari 1994, jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, mkuu wa kikosi cha ONU nchini Rwanda, alituma ujumbe New York. Mtoa habari alikuwa amemwambia kwamba Watutsi wa Kigali wanaandikishwa na kwamba kuna silaha zilizofichwa. Dallaire alitaka kwenda kuzikamata. Makao makuu yalimkatalia.

Alama zingine kila mtu alizisikia. Tangu Julai 1993, redio RTLM ilikuwa hewani, na Watutsi wakaitwa humo "inyenzi", maana yake mende. Mtu akishaitwa mdudu, kumuua hakuonekani tena kuwa kosa.

Mauaji ya kimbari yalianza Aprili 1994. Tarehe 21 ya mwezi ule, Baraza la Usalama likaamua kupunguza kikosi hadi watu 270 tu. Katika siku 100 hivi, watu zaidi ya 800,000 waliuawa, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji.

Kongo inajua yaliyofuata: mwezi wa Julai, wakimbizi karibu milioni moja waliingia Goma, na wauaji walijichanganya na raia.

Mwaka 2003, mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM. Mkataba wa 1948 unaadhibu hata uchochezi, si panga peke yake. Kwa hiyo, anayepokea katika simu maneno yanayoita kabila lolote wadudu au nyoka, asiyatume kwa wengine. Onyo huanzia hapo.