Figo Mpya kwa Mzee: Neema na Hadhari

Mwezi wa Novemba 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ambayo haiko mbali na soko la Kariakoo, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo wagonjwa wetu waliohitaji tiba hiyo iliwabidi kusafiri nchi za nje, hasa India. Twamshukuru Mwenyezi Mungu. Nao wanavyuoni wa Baraza la Fikihi, walipokutana Jidda mwaka 1988, waliruhusu kupandikiza viungo kwa masharti, wakakataza kuviuza.

Lakini wengi hudhani ya kuwa mzee akishapata figo, maradhi yamekwisha. Sivyo. Mwili hukitambua kiungo kigeni na kutaka kukipiga vita. Kwa hiyo mgonjwa hunywa dawa za kuupunguza ulinzi wa mwili maadamu kiungo kile kinafanya kazi. Na ulinzi huo ndio uangamizao chembe za saratani zingali changa. Ukilegea, saratani hupata mwanya. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2011 ulionyesha kuwa waliopandikizwa viungo hupatwa na saratani kiasi cha mara mbili kuliko watu wengine.

Waliopandikizwa mapafu wamo katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya mapafu. Mgonjwa wa kwanza wa tiba hiyo, huko Mississippi mwaka 1963, aliishi siku 18 tu. Siku hizi yapata nusu yao huishi miaka 6 au zaidi. Wazee huishi muda mfupi kuliko vijana, kwani uzee wenyewe huzidisha saratani na kudhoofisha mwili.

Basi yatupasa nini majumbani? Kwanza, mzee asiache dawa hata siku moja, wala asijipunguzie kwa kuogopa saratani. Mwili utaikataa figo. Pili, vijana wasimletee dawa za miti kutoka Kariakoo bila kumwuliza daktari. Hata balungi, tunda zuri na halali, laweza kuzidisha dawa hizo mwilini zikamdhuru. Tatu, aache tumbaku, na ngozi yake itazamwe mara kwa mara: kidonda kisichopona, baka jipya, au uvimbe shingoni uonyeshwe kwa daktari upesi. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road imo humu humu mjini, na saratani iliyowahiwa hutibika kwa urahisi zaidi.

Figo ile aghalabu imetolewa na ndugu au mtoto kwa mapenzi yake. Ni amana. Kuilinda ni wajibu wa nyumba nzima, si wa mgonjwa peke yake.