KICHEKO SI FURAHA TU

Jana ulicheka mara ngapi? Na mara ngapi ulicheka ukiwa peke yako?

Bila shaka ulicheka zaidi ulipokuwa na wenzako, labda sokoni, au pwani mkingoja ngalawa zirudi. Mtaalamu wa Marekani, Robert Provine, alichunguza jambo hili. Aliona kuwa watu hucheka mara 30 zaidi wakiwa pamoja kuliko wakiwa peke yao. Tena mara nyingi hakuna kichekesho. Mtu husema tu, "Haya, tutaonana," wote wakacheka.

Kwa hiyo kicheko ni namna ya kusema. Mtoto huanza kucheka akiwa na miezi mitatu au minne, kabla hajajua neno hata moja.

Sisi wa Bagamoyo tunajua haya kwa utani. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walifika hapa na misafara kutoka bara, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani huchekesha watu hata msibani, na mfiwa hakasiriki. Anajua kuwa anafarijiwa.

Lakini kicheko huweza kuleta habari nyingine. Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia. Hawakuweza kujizuia. Wenzao wakafuata, hata wakafika 95 kati ya wanafunzi 159. Walimu hawakupatwa. Mwezi Machi shule ilifungwa, wasichana wakarudi makwao. Huko Nshamba, kwao baadhi yao, watu 217 wakapatwa pia, wengi wao vijana. Madaktari waliwapima, wasione mdudu wala sumu. Hakuna aliyekufa.

Hawa hawakuwa na furaha hata kidogo. Wataalamu wengi wanaona kuwa chanzo kilikuwa hofu na mashaka ya moyoni. Mtu akiona mwenzake ameshikwa, naye hushikwa. Ni ugonjwa wa kweli. Wasichana wale hawakuwa wakijifanya.

Je, mwanao akirudi shuleni hivyo? Huku pwani wengi watasema ni mashetani. Wewe mpeleke zahanati kwanza, maana homa kali nayo huweza kumvuruga mtu akili. Usimpige. Usiache watu wamzunguke kumtazama, kwa sababu watazamaji huzidisha. Mweke mahali pa utulivu. Akipoa, kaeni wawili tu, umwulize taratibu ni kitu gani kinachomtia hofu.