Vyombo vya kazi vya okazyo: tumwambie nini ndugu aliye Uingereza?

Katika vikundi vyetu vya AVEC na MUSO, swali hili hurudi kila mwisho wa mzunguko, wakati pesa zinagawanywa: tununue chombo gani ambacho kitatuzalishia? Kikundi kimoja kinataka mashini ya pili ya kushona. Mama mwingine ana binti aliyemaliza mafunzo ya useremala na hana hata patasi moja ya kwake; anaazima kwa fundi wake, na siku fundi ana kazi nyingi, binti anakaa bure. Dukani kuna vyombo vipya vya bei ndogo, lakini vingi ni chuma laini. Ukikipeleka kwenye libuyu, kinapinda siku ya kwanza.

Hapo mmoja wetu husema: "Nitamwandikia dada yangu aliye Uingereza." Dada anaitika kwa moyo mwema, anatafuta, anatuma. Kifurushi kinafunguliwa mbele ya kikundi kizima, na kumbe kitu kimoja tu kinafaa. Dada hana lawama yoyote. Hakuambiwa atafute nini, na sisi tuliomtuma hatukujua yeye ananunua wapi. Basi wiki hii tuzungumze juu ya soko lenyewe, na juu ya vyombo vinavyopatikana humo.

Uingereza kuna soko ambalo watu huuza vitu vyao vya nyumbani kutoka nyuma ya gari. Mtu analipa pesa kidogo kwa mwenye uwanja, anaegesha gari kwenye majani, anafungua kofre, anaweka meza ndogo na kupanga vitu: nguo za watoto, sahani, baiskeli, vitabu, na chini ya meza sanduku la mbao lenye vyombo vya marehemu baba. Jina lake kwa Kiingereza ni "car boot sale". Katika historia yake hutajwa Padri Harry Clarke wa Stockport, aliyeona soko la namna hiyo Kanada na kulileta Uingereza miaka ya 1970 ili kuchangisha pesa za msaada. Viwanja vingi hufunguliwa Jumapili asubuhi, hasa kuanzia mwezi wa 4 hadi mwezi wa 9, kwa sababu wakati wa baridi shamba linakuwa matope.

Wachuuzi wanaoishi kwa biashara hiyo hufika kabla ya jua, na tochi mkononi. Wanapita kwenye magari yanayofunguliwa na kuchukua vizuri vya kwanza. Aliye na pesa kidogo anaweza kuja mwisho. Karibu na saa sita mchana muuzaji anaanza kufikiria namna ya kurudisha mzigo nyumbani, na sanduku zima la vyombo linaweza kutoka kwa bei ya vitu viwili. Kupatana bei kunaruhusiwa, ila kwa sauti ya chini na tabasamu; kelele zetu za sokoni zingewashangaza. Na pesa iwe mkononi, sarafu ndogondogo, kwa sababu wengi hawana chenji.

Kuna jambo ambalo dada ajue mapema. Mtu wa kawaida anayeuza vitu vyake si mfanyabiashara, na sheria ya Uingereza ya 2015 inayomlinda mnunuzi dukani haimfuati huyo. Akikudanganya waziwazi juu ya kitu, una neno. Lakini kama kimeharibika na hukuuliza, umenunua ulichokiona. Kwa hiyo macho na vidole vifanye kazi kabla ya mfuko.

Sasa, kwa nini tuhangaike na chuma kilichokaa miaka 50 katika kibanda cha mzee wa Kiingereza? Kwa sababu ya Sheffield. Mji huo ulitengeneza vyuma vya kukata kwa karne nyingi. Benjamin Huntsman alibuni huko namna ya kuyeyusha chuma kigumu katika chungu miaka ya 1740, na mwaka 1913 Harry Brearley alipata humo chuma kisichoshika kutu. Patasi za Marples, misumeno ya Spear & Jackson, randa na etau za Record, vyote ni vya Sheffield. Ukiona neno "Sheffield" limegongwa kwenye chuma cha zamani, simama uangalie vizuri.

Wanawake nao walikuwemo. Wakati wa vita vile viwili vya dunia, wanaume walipokwenda jeshini, wanawake wa Sheffield waliingia katika viwanda vya chuma, na vita vilipokwisha wakaambiwa warudi nyumbani. Heshima yao ilikawia sana: sanamu yao, wanawake wawili wa shaba wameshikana mkono begani, iliwekwa katikati ya mji mwaka 2016. Na Sheffield ndio mji wa kwanza ulioingia katika mpango wa Gateway, ulioanza 2004 kupokea wakimbizi kutoka kambi za mbali. Wakongomani walikuwa kati ya waliopokewa Uingereza kwa mpango huo. Kwa hiyo mama wa Kivu anayeishi huko leo anaweza kuwa anapita kila siku mbele ya kiwanda kilichotengeneza patasi anayotafuta binti yetu.

Wengine walifikiria vyombo hivi kabla yetu. Shirika la Tools for Self Reliance, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1979, lilikusanya vyombo vilivyotumika, wazee waliostaafu wakavisafisha na kuvinoa, vikatumwa kwa mafundi wa Tanzania, Uganda na nchi nyingine za Afrika. Somo lao ni hili: chombo kilichanguliwa, kikatengenezwa, kikapangwa kufuata kazi ya mtu, ndipo kikasafiri. Takataka za kibanda hazikutumwa.

Haya, patasi. Angalia urefu wa chuma kilichobaki, kwa sababu kila kunoa kunakula kidogo. Geuza uone mgongo. Kutu jekundu la juu juu linatoka. Vishimo vya kutu karibu na makali havitoki, na patasi yenye vishimo hivyo haitashika makali safi hata uinoe siku nzima. Mpini uliopasuka si neno, fundi wetu atachonga mwingine kwa saa moja. Mimi ningechagua patasi nne nzuri za upana tofauti kuliko sanduku la kumi na mbili zinazong'aa.

Randa, ile ambayo maseremala wetu huita rabo, inataka uangalifu zaidi. Za chuma zilizo nyingi huko ni Stanley na Record, na saizi ya 4 ndiyo ya kazi nyingi. Record walianza kutengeneza randa mwaka 1931 kwa umbo lilelile la Stanley, hivyo ulimi wa moja mara nyingi huingia kwenye nyingine. Chuma chake ni cha kumimina. Kikianguka kwenye sementi kinapasuka. Dada atoe ulimi, aangalie mdomo wa randa na pembe zake zote mbili dhidi ya mwanga. Ufa kama unywele hapo unatosha kuiacha, hata kama bei ni ya bure. Randa za mbao nazo zipo, na nyingi zina jina limegongwa upande wa mbele: mara nyingi ni la aliyeitengeneza, na pengine pia la fundi aliyeitumia. Wakati mwingine kuna majina mawili au matatu, ya mafundi waliorithishana.

Msumeno uinuliwe usawa wa jicho, utazamwe toka mpini hadi ncha. Uliopinda, uachwe. Halafu meno: yakiwa na rangi ya buluu-nyeusi kwenye ncha, yamegumishwa kiwandani na tupa haiyawezi. Yakiwa butu ndiyo mwisho wake. Msumeno wa zamani wenye meno ya rangi moja na bapa lote unanolewa kwa tupa ya pembe tatu miaka na miaka, na huo ndio wetu.

Wamama wa ushonaji wamekuwa wakisubiri. Mashini nyeusi za Singer zinazopatikana Uingereza nyingi zilitoka Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofunguliwa miaka ya 1880 na kufungwa 1980. Ni nzito, ni za chuma, na nyingi zina mkono wa kuzungusha, jambo linalotufaa sisi ambao umeme hukatika bila kuaga. Lakini zisinunuliwe kwa uzuri wa maua ya dhahabu. Kinachoamua ni bobini.

Singer 15 ina bobini ya mviringo inayoingia katika kikombe chake upande wa kushoto wa mashini. Umbo hilo liliigwa Japani na China, na mashini za Butterfly tunazozijua ni ukoo wake. Kwa hiyo bobini, kikombe na sindano vinapatikana kwenye masoko yetu. Singer 99 ina bobini inayolala chini ya kibao cha kusukuma mbele ya sindano. Ni nzuri pia na sindano yake ni ya kawaida, ila bobini yake si ileile, zitumwe za akiba kumi. Sasa ile nzuri kuliko zote kwa macho, kama 128, mara nyingi ina bobini ndefu nyembamba ndani ya kijumba chenye umbo la mtumbwi. Ikipotea hiyo, mashini inakuwa pambo la nyumba. Mwambieni dada afungue kibao na apige picha ya bobini kabla ya kulipa. Picha moja kwenye simu, na fundi wa hapa atajibu ndiyo au hapana.

Kwa umeme, kuna mtego mmoja ambao unakula pesa za watu. Uingereza umeme wa nyumba ni volti 230 na hezi 50, karibu sawa na wetu, hivyo chombo cha nyumbani kitafanya kazi hapa kikibadilishwa fishi. Lakini kwenye majengo mafundi wao hutumia vyombo vya volti 110, kwa ajili ya usalama, kupitia transfoma. Vinatambulika kwa fishi ya manjano ya mviringo. Perseze nzuri yenye fishi hiyo inauzwa kwa bei ndogo kwenye soko la nyuma ya gari, kwa sababu mtu wa nyumbani haimfai. Akiikata fishi fundi wetu na kuichomeka kwenye 220, inazunguka kwa nguvu dakika chache, inatoa moshi, basi. Manjano, hapana. Vyombo vya betri navyo viachwe: betri ya zamani imekufa, na mpya inaweza kuzidi bei ya chombo.

Na perseze inayong'aa, bila sanduku, robo ya bei ya duka? Mafundi wa Uingereza wanavunjiwa magari yao usiku, na vyombo vyao huonekana kwenye masoko hayo hayo. Polisi wakikikuta kwako kinarudi kwa mwenyewe, na pesa yako haikufuati. Tukumbuke pia kuwa aliyeibiwa ni baba au mama wa mtu, na kesho yake hana kazi.

Juu ya safari tuseme kifupi. Chuma ni kilo, na ndege inahesabu kilo. Patasi, ndimi za randa, tupa, bobini na sindano zinaenda ndani ya sanduku la mgeni anayekuja, sanduku la chini ya ndege, kamwe si mkoba wa mkononi. Etau na mashini zisubiri kontena linalopita Mombasa au Dar es Salaam, watu watano au sita wakishirikiana nafasi. Kabla ya kutuma, mtu wa kikundi aulize bei ya ushuru wa forodha, na bei hiyo iandikwe katika daftari pamoja na bei ya chombo. Mara nyingine, mkijumlisha, mtaona ni heri kununua mashini iliyotumika hapa hapa mjini, kwa kuijaribu kwa vipimo vilevile tulivyosema.

Barua kwa dada iwe hivi: "Patasi 4, upana wa milimita 6, 12, 18 na 25, zimeandikwa Sheffield. Randa moja ya saizi ya 4, bila ufa. Usinunue kingine." Aliye mbali anashukuru akiambiwa wazi.

Vyombo vikifika, vilivyo na kutu vilale usiku mmoja katika siki, asubuhi visuguliwe, vioshwe kwa maji yenye majivu, vikaushwe juani na kupakwa mafuta mara moja. Vyenye rangi ya zamani visisuguliwe vikavu, wala karibu na watoto: rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake linadhuru akili ya mtoto mdogo. Vikwanguliwe vikiwa vimelowa, nje, na uchafu ufukiwe mbali na kisima. Mashini iliyogoma kuzunguka isilazimishwe, mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Tieni mafuta ya taa kidogo kwenye matundu yote, iacheni usiku, kesho yake mafuta ya mashini, kisha mzungushe gurudumu polepole kuelekea kwenu.